Jezi za Msimu wa Ubingwa: Tathmini ya Huduma za Fundi wa Michenzani

Timu ya mpira wa miguu ya chuo chetu ilimaliza mashindano ya vyuo ya mwaka 2025 ikiwa bingwa bila ya kupoteza mchezo hata mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekabidhiwa dhamana ya vifaa tangu mazoezi ya mwanzo hadi fainali iliyochezwa katika uwanja wa Mao Zedong, naona ni haki kuwaeleza wenzangu wa vyuo vyengine kuhusu duka lililotuvalisha. Ni duka dogo, lipo chini ya majumba ya Michenzani, mjini Zanzibar, na fundi wake pamoja na wasaidizi wake hukata, huchapa na kushona papo hapo.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kununua jezi tupu na kubandikiwa namba za plastiki, kwa sababu ndizo rahisi. Fundi hakuharakia kuniuzia. Alitandaza jezi mbili juu ya meza akanitaka nipitishe kidole mgongoni mwa kila moja. Ya kwanza ilikuwa na namba iliyoinuka kama gamba, na pembe moja ya tarakimu 7 ilikuwa imeshaanza kubanduka. Ya pili sikuhisi chochote ila kitambaa. "Maalim," akaniambia, "hii ya pili wino umeingia kwenye uzi wenyewe. Jezi itachakaa, namba itabaki."

Kazi yenyewe inavutia kuitazama. Mchoro wote, yaani rangi, namba na nembo ya chuo, huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hiyo na kitambaa cheupe cha poliesta hubanwa pamoja ndani ya mashine yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, wino ukageuka mvuke na kuzama ndani ya nyuzi. Ndipo vipande vinapopelekwa kwenye cherehani. Njia hii haifai kwa pamba, na ndiyo maana fundi alikataa kata kata kitambaa mchanganyiko nilichokuwa nimekipendekeza ili kupunguza gharama. Bei yake ilizidi ile ya namba za kubandika kwa takriban thuluthi moja, na kwa chuo kinachochangisha wanafunzi wake hilo si jambo dogo.

Msimu ulipokwisha tulizikagua jezi zote. Zilikuwa zimepita kwenye matope ya mwisho wa masika katika kiwanja chetu cha mazoezi, zikapita kwenye zile chembe nyeusi za mpira zinazotapakaa juu ya nyasi bandia, zikafuliwa kila baada ya mchezo, na bado buluu yake ilikuwa buluu ileile. Kilichotuangusha ni mshono wa kwapani, ambao ulifumuka kwenye jezi za wachezaji wenye vifua vipana. Fundi aliushona upya bila ya malipo.

Nampongeza zaidi kwa ujuzi wake wa kanuni. Kanuni ya 4 ya mchezo inataka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, na kila mlinda mlango avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine na waamuzi. Yeye ndiye aliyeuliza siku ile ile ya kwanza kipa atavaa nini, na ndiye aliyeshikilia kwamba tuchukue seti ya pili nyeupe. Tulipofika nusu fainali, wapinzani wetu walitokea na buluu, mwamuzi akatutaka tubadilishe, na vijana wetu wakabadilisha kwa utulivu wakaingia uwanjani kwa wakati. Nimeshawahi kuona timu za vyuo zikilazimika kucheza mechi kubwa zikiwa zimevaa vizibao vya mazoezi, na jambo hilo huwavunja moyo vijana kabla ya filimbi.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Siku tuliyoahidiwa kukabidhiwa mzigo iliangukia wiki ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, pale Simba ilipoikaribisha RS Berkane ya Morocco katika uwanja wa New Amaan Complex tarehe 25 Mei, mchezo wa marudiano uliomalizika kwa sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao ya michezo miwili. Mji mzima ulitaka jezi nyekundu, na oda yetu ikasogezwa nyuma. Shida ya nafasi naielewa. Nisichokikubali ni kwamba hakuna aliyetupigia simu, tukaja kuyajua hayo tulipokwenda kuchukua mzigo, na mchezo wa ufunguzi tukaucheza na jezi kuukuu.

Kwa upande wa timu ya wasichana, duka lilifanya kazi nzuri mno. Vipimo vilichukuliwa na fundi wa kike, mikono ilikuwa mirefu bila ya kubana, na mitandio, ambayo sheria za mpira zimeiruhusu rasmi tangu mwaka 2014, ilishonwa kwa kitambaa hichohicho chepesi na kukaa kichwani bila ya pini.

Chuo kinachotaka huduma hii kipeleke oda mapema, kipeleke pia jezi ya zamani inayomkaa vyema mchezaji mkubwa kuliko wote, na kiombe mshono wa kwapani upigwe mara mbili. Sisi tumeshaagiza za msimu ujao, na safari hii tarehe ya kukabidhiwa imeandikwa kwenye risiti.