ZOIA jukwaani: tathmini ya kifaa cha kujiundia efekti, kwa wapiga gitaa wa Arusha na Moshi

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikipanda jukwaani na kisanduku kimoja badala ya pedali tano, yaani visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa, nilizozoea kuzibeba kwenye begi la turubai. Kisanduku hicho kinaitwa ZOIA, nacho hutengenezwa na Empress Effects, kampuni ya Ottawa nchini Kanada. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wapiga gitaa na wapiga kinanda wa bendi zetu za Arusha na Moshi, wale wanaopiga hotelini Ijumaa, kwenye harusi Jumamosi na kanisani Jumapili asubuhi, kwa sababu maswali wanayoniuliza baada ya onyesho yanafanana, na jibu la dakika mbili kando ya spika halitoshi.

Pedali ya kawaida huja na kazi yake moja: hii ni ya mwangwi, ile ni ya korasi (kuifanya sauti moja isikike kama kadhaa), nyingine ni ya kukwaruza sauti. ZOIA haikuamulii kazi. Usoni ina vitufe 40 vyenye taa za rangi, vimepangwa safu tano za vitufe vinane, pamoja na kioo kidogo, kirungu kimoja cha kuzungusha na swichi tatu za mguu. Kila kikundi cha vitufe kinawakilisha moduli, yaani kipande kimoja cha kazi, kwa mfano kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), dilei (mwangwi unaoirudisha noti baada ya muda), riverbu (mwangwi kama wa ukumbini), kipima nguvu ya mpigo, au kitu kinachopandisha na kushusha thamani fulani polepole. Wewe ndiye unayeziweka moduli hizo na kuziunganisha, na mpangilio mzima ukishakamilika huitwa pachi. Ukurasa mmoja ukijaa, unafungua mwingine.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Unabonyeza kitufe ambacho hakijawaka, unazungusha kirungu hadi uione moduli unayoitaka kwenye kioo, unabonyeza, na vitufe vyake vinawaka kwa rangi yake. Kuunganisha ni rahisi kuliko nilivyotegemea: unashikilia kitufe cha mahali sauti inapotokea, kisha huku umekishikilia unabonyeza kitufe cha mahali inapokwenda. Hapo unakuwa umevuta waya usioonekana. Zaidi ya hapo, waya huo una nguvu yake ambayo unaweza kuipunguza au kuiongeza kwa kirungu, na jambo hili dogo ndilo lililonifanya nikipende kifaa hiki, kwa sababu linakuwezesha kuamua si tu kwamba swichi ya mguu itagusa dilei, bali itaigusa kwa kiasi gani.

Nieleze kwa nini kiasi hicho ni muhimu kwetu. Muziki wa dansi tunaoupiga, ule uliojengwa na bendi kama Mlimani Park Orchestra, unategemea magitaa yanayopeana nafasi: rizimu inashika msingi, solo la pili linajaza katikati, solo linapita juu. Katika sehemu ya mwanzo ya wimbo, mwimbaji anaposimulia kisa chake, gitaa la solo linapendeza likiwa na mwangwi wa kutosha, kwa sababu noti ni chache na kila moja inahitaji mahali pa kutua. Bendi ikiingia kwenye chemko, yaani ile sehemu ya mwisho iliyochangamka ya kucheza, mwangwi uleule unakuwa adui. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo, na dilei iliyowekwa hapo inaangukia mahali pake. Chemko likipanda hadi mapigo 140, nafasi hiyo inapungua hadi milisekunde 429 hivi, na kila noti inayorudi inachelewa na kulikanyaga solo la pili. Wasikilizaji hawatajua kilichotokea, lakini watahisi kwamba magitaa yamejaa matope.

Kwa pedali zangu za zamani niliinama kugeuza virungu huku wenzangu wakiendelea. Sasa nina pachi moja niliyoiunda kwa ajili ya tatizo hili peke yake. Swichi ya kushoto naikanyaga mara chache kwa mapigo ya ngoma, na dilei inajifunza mwendo mpya. Swichi ya katikati inashusha kiwango cha dilei hadi karibu robo ya kilivyokuwa, na wakati huohuo inaongeza kidogo sauti kavu ya gitaa, ile isiyo na mwangwi, ili solo lisimezwe na tumba. Kitendo kimoja cha mguu kinagusa vitu viwili kwa viwango viwili tofauti, na viwango hivyo nilivichagua mwenyewe nikiwa sebuleni kwangu Sakina. Sijawahi kuona pedali ya dukani ambayo mtengenezaji wake aliwaza habari ya chemko, na sioni sababu ya kumlaumu. Jambo la maana ni kwamba hapa simhitaji aliwaze.

Kuna mipaka ambayo mnunuzi lazima aielewe kabla ya kutoa fedha. Kwanza, kuhama kutoka pachi moja kwenda nyingine kunahitaji kifaa kipakie mpangilio mpya, na katika muda huo mfupi sauti hukatika. Katikati ya wimbo hilo halikubaliki. Dawa yake ni kuzifungia sauti zote za wimbo, au hata za onyesho zima, ndani ya pachi moja, kisha kuzifungua na kuzifunga kwa swichi za mguu. Pili, kichakata chake kina ukomo. Kifaa kinakuonyesha kwa asilimia ni kiasi gani pachi yako inatumia, na riverbu nzuri hula sehemu kubwa peke yake, hivyo mtu anayetaka riverbu mbili, dilei mbili na kibadilisha kimo cha noti kwa wakati mmoja atajikuta anachagua kimoja na kuacha kingine. Kwangu mimi kizuizi hiki kimekuwa na faida, kwa kuwa kila moduli ninayoiongeza lazima nijue ipo kwa sababu gani.

Jambo la tatu lilinipata mimi, na kosa lilikuwa langu. Tulikuwa tunapiga kwenye sherehe katika ukumbi mmoja wa Njiro. Wakati wa kujaribu vyombo nilirekebisha pachi yangu kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu ukumbi ulikuwa na paa la bati na sauti za juu zilikuwa zinachoma. Nikaridhika, nikaenda kula, na sikuhifadhi. Umeme ukakatika kabla bibi harusi hajaingia. Jenereta lilipowaka, kifaa kikaamka na pachi ya zamani, na nikapiga wimbo wa kuingilia kwa sauti kali iliyomfanya fundi mitambo ashushe chaneli yangu hadi nusu. Tangu siku hiyo ninahifadhi kila badiliko kabla ya kuliacha gitaa chini, na mara moja kwa wiki ninanakili pachi zangu zote kutoka kwenye kadi ya SD kwenda kwenye kompyuta.

Tukiwa bado kwenye umeme, ZOIA hutumia volti 9 kama pedali nyingi, lakini haitosheki na miliampea 100 ambazo matundu mengi ya vigawa umeme vya pedali hutoa. Adapta ya bei ya chini inayouzwa kama ya kufaa kila kitu huleta muungurumo ambao hakuna moduli itakayouondoa. Nunueni kigawa umeme chenye matundu yaliyotengwa, na mkiwa mnapiga kwa jenereta wekeni kidhibiti volti mbele yake. Gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kifaa.

Kuhusu bei yenyewe, nilikipata kwa kiasi kinachokaribia dola 500 za Marekani, kisha zikafuata gharama za usafirishaji na VAT ya asilimia 18. Ni fedha nyingi kwa mtu anayelipwa kwa onyesho. Mimi niliuza pedali zangu tatu kabla sijaagiza, na kwa hesabu ya vifaa nilivyoviacha sijuti. Mtu mwenye pedali moja ya mwangwi inayomtosha hana haja ya kuingia katika gharama hii.

Wengi huniuliza pia kuhusu MOD Dwarf ya kampuni ya Berlin, ambayo inafanana nayo kwa wazo. Tofauti kubwa ni namna ya kuunda: ile inaunganishwa na kompyuta, na unapanga efekti zako kwa kuvuta nyaya kwenye kioo ndani ya kivinjari. Anayependa kuona mpangilio wake wote kwa pamoja ataifurahia zaidi kuliko vitufe 40 vya ZOIA, ambavyo hukulazimisha kukumbuka kila rangi ina maana gani. Mimi nilichagua ZOIA kwa sababu sibebi kompyuta kwenye harusi, na kwa sababu nimeshawahi kutengeneza pachi nzima kwa hedifoni ndani ya basi kutoka Moshi, kifaa kikiwa mapajani na benki ya umeme yenye tundu la volti 9 ikiwa mfukoni.

Uwezo wake wa kutoa sauti kulia na kushoto haujanisaidia sana hapa kwetu. Kumbi nyingi zinampa mpiga gitaa chaneli moja tu kwenye mikisa, na spika mbili za ukumbi mara nyingi hubeba kitu kilekile. Kwa hiyo jengeni pachi zenu kwa mkondo mmoja tangu mwanzo, kwa sababu korasi iliyopendeza kwenye hedifoni ikibanwa kwenye waya mmoja inaweza kufifia au kuwa na sauti ya bomba.

Kwa anayeanza, ningeshauri asipakue pachi za watu wengine katika mwezi wa kwanza, ingawa zipo nyingi mtandaoni na baadhi ni za kushangaza. Aanze na moduli nne: mlango wa kuingilia, kompresa, dilei na mlango wa kutokea. Apige wimbo anaoufahamu vizuri, asikilize kinachomkera, kisha aongeze moduli moja tu kwa ajili ya kero hiyo. Mwenzangu wa rizimu alianza hivyo kwenye kifaa changu mwezi uliopita, na baada ya jioni tatu alikuwa ameunda kompresa inayolegea anapopiga kwa nguvu na kukaza anapopiga taratibu, kinyume kabisa na ilivyo kawaida. Tumeitumia kwenye maonyesho mawili, na rizimu yake sasa inasikika hadi meza za nyuma.