HP Z440 ya mtumba kwa kazi za ramani: imenigharimu milioni moja na laki nane na ushee

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Mashine yenyewe, HP Z440 iliyotumika (kompyuta ya mezani ya kazi nzito), ikiwa na RAM ya GB 16, bila diski, bila kadi ya grafiki wala monita: 850,000. Kadi ya Quadro P2000, nayo ya mtumba: 380,000. RAM nyingine ya GB 16: 110,000. SSD mpya ya GB 500: 120,000. Monita ya Dell ya inchi 24: 180,000. UPS: 220,000. Jumla 1,860,000, kibodi na mausi nilikuwa navyo. Vyote ni vya Kariakoo, isipokuwa SSD na UPS nilizochukua Posta kwenye duka linalotoa risiti na waranti ya mwaka. Hivyo viwili sinunui vya mkono wa pili hata mniimbie.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wateja wangu ni watu wenye viwanja Goba, Madale, Chanika na Kigamboni: nyumba ya vyumba vitatu, mara chache ghorofa moja, mara chache zaidi fremu za maduka. Michoro ya ujenzi naifanya kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, na mteja akitaka kuona nyumba yake imesimama naingia ArchiCAD, programu nyingine. Laptop niliyokuwa nayo ilishaanza kunikatisha tamaa. Ukiweka mchoro wa umeme juu ya mchoro wa msingi, halafu ukavuta karibu, mistari inakuja kwa awamu huku mteja amekaa pembeni anakuangalia.

Sasa, kwa nini mashine ya mwaka 2014 badala ya kitu kipya chenye taa za rangi? Jibu liko kwenye prosesa. AutoCAD kazi zake nyingi inazipitisha kwenye kori moja tu. Kori ni vile vichwa vinavyogawana kazi ndani ya prosesa, na wauzaji wetu wanapenda sana kuvihesabu. Kwa mchoraji, idadi ya vichwa si hoja kubwa. Hoja ni kasi ya kichwa kimoja. Autodesk wenyewe, watengenezaji wa AutoCAD, wanapendekeza prosesa inayoanzia GHz 3 na ikijisukuma ifike GHz 4.

Z440 zinazoingia sokoni zinakuja na prosesa tofauti tofauti, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Duka la kwanza kijana alinitolea yenye prosesa ya Intel, Xeon E5-2680 v3.

"Dada yangu, hii ina kori kumi na mbili. Chukua hii, utanikumbuka."

"Kasi yake ngapi?"

"Kasi? Dada, kumi na mbili hizi!"

Ni kweli zipo 12, lakini zinatembea GHz 2.5, na ikijisukuma kwa nguvu zote inaishia 3.3. Pembeni yake, bei ikiwa chini, ilikuwepo nyingine yenye E5-1650 v3: kori 6 tu, ila inaanzia GHz 3.5 na kufika 3.8. Anayetoa picha za rangi usiku kucha achukue ile ya 12, itamfaa, maana kazi hiyo kweli inagawanyika kwenye vichwa vyote. Mimi ninayeshinda na mistari na leya (tabaka za mchoro) nikachukua ya 6. Haifiki ile 4 ya Autodesk, imepungukiwa kidogo, na kwa pesa yangu nimekubali.

Kabla ya kutoa hela niliomba iwashwe, na flashi yangu nilikuwa nayo. Ndani yake huwa naweka CPU-Z, inayokuonyesha jina halisi la prosesa na RAM imekaa vipande vingapi, na DWG TrueView, ambayo Autodesk wanaitoa bure, pamoja na ramani yangu moja nzito yenye matofali yote yaliyojazwa kwa hachi, vile vistari vya kujazia. Unafungua ramani, unavuta karibu, unarudi nyuma, unasikiliza feni. Muuzaji anayekataa umwekee flashi kwenye mashine yake, muage kwa heshima. Kumbuka tu kwamba Xeon hizi hazina grafiki ya ndani. Bila kadi monita haionyeshi kitu, kwa hiyo mwambie akuchomekee kadi yoyote ya kujaribia.

Ndani ya kava nimependa sana. Unavuta mpini wa pembeni, upande wote unafunguka bila bisibisi, na sehemu za kushika zimepakwa kijani ujue kipi kinachomoka. Kwenye ule mlango kuna mchoro unaoonyesha RAM iingie nafasi ipi kwanza. Ufuate, usichomeke kwa kubahatisha, kwa sababu prosesa hii inasoma RAM kwa njia nne, na vipande vinne vya GB 8 vinakwenda vizuri kuliko viwili vya 16. RAM yake ni ile ya seva, ya kawaida ya kompyuta ya mezani haifanyi kazi humu. Usiogope, ya seva ndiyo rahisi Kariakoo, zimejaa. Fundi wa mtaa wa Aggrey alipuliza vumbi, akafuta dawa ya joto iliyokuwa imekauka juu ya prosesa ikawa chokaa, akapaka mpya. Alinitoza 15,000 na hakunizungusha.

Kadi nayo ina hadithi yake. Nilitaka P2000: GB 5 za kumbukumbu, ya mwaka 2017, inakula wati 75 zote kutoka kwenye mazabodi bila waya wa ziada. Duka moja, sitalitaja, wakanifungia kadi kwenye mfuko wa plastiki na stika juu yake imeandikwa kwa kalamu "P2000". Nikatoa kadi, nikaigeuza. Stika ya kiwandani nyuma inasoma K2000. Hiyo ni ya 2013, GB 2, ina vikokotozi 384 wakati P2000 ina 1024. Jamaa akasema, "Si zote Quadro, sista?" Nikamrudishia. Niliyonunua mwishowe niliisoma stika, nikaichomeka, nikaona jina kwenye skrini, ndipo nikatuma hela. Pia ujue P2000 ina matundu manne ya DisplayPort na haina HDMI hata moja, kwa hiyo tenga hela ya waya wa kubadilisha kama monita yako ni ya HDMI tu.

Kuna watakaosema kwa bei hiyo ningepata kadi ya magemu yenye nguvu zaidi. Ningepata. Lakini Quadro ni kadi za kazi, na draiva zake, yaani programu zinazoziendesha, zinapimwa na kuidhinishwa kwa programu kama AutoCAD na Revit, na mimi sichezi gemu. Kwenye AutoCAD andika GRAPHICSCONFIG, utaona kadi yako inatambulika vipi. Yangu ilitambulika mara moja na kila kitu kikawaka.

Kwenye kazi, sina manung'uniko. Ramani ya ghorofa yenye michoro ya nondo, maji na umeme iliyounganishwa kama XREF (faili za nje zinazoitwa ndani ya mchoro mmoja) inafunguka, nazunguka nayo, mkono hausubiri skrini. ArchiCAD ndiyo inayozitumia zile kori 6 vizuri zaidi. Kukata mikato na kusasisha sura za nje kumekuwa kitu cha kawaida, sipangi tena kwenda kunywa chai. Kuchora huku kivinjari kiko wazi na WhatsApp inaingia sauti za mteja anayetaka jiko lihamie upande wa pili, GB 32 zinatosha na kubaki.

Mabaya yake sasa.

Kelele. Ukiiwasha feni zinapiga kelele kwa sekunde chache kisha zinatulia, lakini mchana wa Februari hapa Tabata, dirisha wazi na AC hakuna, zinapanda tena. Ni nzito, ukihama nyumba utaomba mtu.

Umeme. Prosesa peke yake inaweza kufika wati 140, na LUKU inaliona hilo. UPS ndogo zile za VA 650 sizishauri kwa mashine hii. Yangu ni ya VA 1200, inanipa muda wa kuseva na kuzima kwa adabu. Hata hivyo nimeweka SAVETIME, yaani kila baada ya dakika ngapi AutoCAD ijiseve yenyewe, iwe 5, kwa kuwa inakuja ikiwa 10, na dakika kumi za kuchora ngazi zinauma.

Pawa saplai ni ya HP wenyewe, wati 700, umbo lake na vichwa vya waya wake si vya kawaida. Ikifa, usitegemee kuingiza hizi za elfu arobaini. Itabidi utafute ya Z440 nyingine.

Na kubwa kuliko yote, Windows. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Xeon hii haimo. Zipo njia za kulazimisha, mafundi watakufanyia, ila hiyo si njia rasmi, na programu mpya za miaka ijayo zitazidi kukubana. Mimi natumia matoleo ya zamani kidogo na faili za wateja nazitunza kwenye diski ya nje, kwa hiyo naona nina miaka yangu miwili mitatu.

Wewe ukiweza kuongeza hela, ulizia HP Z2 G4 au Dell Precision 3630 yenye i7-8700. Nazo zina kori 6, zinafika GHz 4.6, prosesa ni ya wati 65, na Windows 11 inaingia bila ujanja. Nilipokuwa nazunguka mimi, niliyoikuta ya aina hiyo muuzaji alikaza kwenye milioni moja na laki nne bila kadi, na hakuteremka hata shilingi.

Wa Lumion, ile programu ya kutoa picha na video za nyumba, msiguse Z440 yenye kadi kama yangu. Lumion inaishi kwenye kadi ya grafiki, P2000 itawachosha. Kazi za namna hiyo nampelekea jamaa yangu wa Sinza, namlipa kwa picha, na gharama hiyo naiingiza kwenye bei ya mteja.