Uzoefu wangu: Mosquito ya plastiki ya skeli 1:48, na kwa nini niliunda ile ya Burma

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma maoni huku pesa iko mkononi: seti hii ya kuunda modeli ya ndege ya Mosquito inunueni, ila msiinunue kwa ajili ya kijitabu chake. Plastiki ni safi, vipande vinakaa vizuri isipokuwa sehemu mbili nitakazozieleza, na kazi inayotoka inapendeza machoni. Kilichonifanya niandike kwa urefu huu ni historia waliyoichapisha ndani ya boksi. Jina la mtengenezaji silitaji. Seti za Mosquito FB VI za skeli hii zinafanana kwa mengi, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama yako imetoka kiwanda kingine.

Kwa asiyeijua, Mosquito, yaani mbu kwa Kiingereza, ni ndege ya kivita ya Uingereza, kazi ya kampuni ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza Hatfield, hukohuko Uingereza, tarehe 25 Novemba 1940. Ina injini mbili za Merlin, watu wawili wanakaa ubavu kwa ubavu, na mwili wake ni wa mbao. Wakati viwanda vingine vinagombania alumini, kazi hii iliweza kupelekwa kwa mafundi wa samani. Zilijengwa zaidi ya 7,700 katika Uingereza, Kanada na Australia. Toleo la FB VI, ambalo ndilo lililomo ndani ya boksi, lilibeba mizinga minne ya milimita 20 na bunduki nne za rasharasha puani, na zaidi ya hayo mabomu.

Sasa tuje kwenye kuunda. Modeli nyingi za ndege huja na kiwiliwili kilichopasuliwa katikati kwa urefu, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, nasi tumezoea kudhani hiyo ni njia ya mkato ya watengenezaji wa plastiki. Mosquito yenyewe ilijengwa hivyohivyo. Kila nusu ililazwa juu ya kalibu ya mbao ngumu au zege: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch, kisha balsa kutoka Ecuador, kisha plaiwudi tena, gundi kati ya kila tabaka, halafu ikabanwa kwa mikanda mpaka ikauke. Nyaya, mabomba na vyombo vingi vya ndani vilifungwa nusu zikiwa bado wazi, kila fundi akifikia kazi yake bila kujikunja. Baada ya hapo ndipo nusu hizo mbili ziliunganishwa, na juu yake ikavutwa ngozi ya kitambaa cha pamba na kupakwa rangi. Fuata utaratibu huo na seti haitakusumbua. Paka rangi chumba cha rubani chote, bandika kiti cha navigeta nyuma kidogo ya kile cha rubani, weka mikanda, acha ikauke, ndipo ufunge. Anayekimbilia kufunga kwanza atapaka rangi kwa kuchungulia.

Sehemu ya kwanza inayosumbua ni bawa. Bawa la ndege ya kweli lilikuwa kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, na kiwiliwili kikakalishwa juu yake. Hapa wamelikata mawili, la kushoto na la kulia, na pale linapokutana na kiwiliwili panabaki ufa unaoonekana. Sijui waliokoa nini, maana boksi lina nafasi ya kutosha na bawa zima kwa skeli hii ni sentimita 34 na kidogo tu. Utahitaji pati na msasa laini. Kuwa mwangalifu unapopiga msasa karibu na ukingo wa mbele, kati ya kiwiliwili na injini, kwa sababu radieta zinakaa humo ndani ya bawa na matundu yake yana mistari myembamba inayofutika upesi.

Sehemu ya pili ni nyumba za injini. Maelekezo yanataka miguu ya magurudumu ifungwe kabla ya nyumba hizo kuzibwa, na michoro haionyeshi vizuri fimbo ipi inapita wapi. Jaribu bila gundi kwanza. Mengine ni mepesi. Kioo cha juu ni chembamba na hakina mawimbi, propela zinafanana kushoto na kulia kwa hiyo huwezi kuzichanganya, na kwa kuwa ndege yenyewe huegemea mkia ikiwa chini, huna haja ya kutia uzito puani. Mitutu ya mbele iache mpaka mwisho kabisa, inavunjika kwa kuguswa tu.

Karatasi ya stika ina ndege tatu za kuchagua. Ya kwanza ni ya Ulaya ya kawaida, kijani na kijivu, nayo sina la kusema juu yake. Ya pili inahusu shambulio la Copenhagen la tarehe 21 Machi 1945, Mosquito zilipolenga Shellhus, makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani ya Nazi, katikati ya mji huo mkuu wa Denmark. Kijitabu kinasifu ulengaji wa marubani kwa ukurasa mzima. Hakisemi kwamba ndege moja iligonga mlingoti ikaanguka karibu na shule ya Jeanne d'Arc, na baadhi ya wenzake waliofuata wakauona moshi ule wakadhani ndiyo shabaha. Watoto 86 walikufa. Mtu mzima anaweza kuisoma habari hiyo na bado akaiunda ndege hiyo, sioni ubaya. Kumficha ni jambo lingine.

Ya tatu ndiyo ya Burma, na maelezo yake yote ni mstari mmoja: rangi ya fedha, kikosi, mwaka. Nikaichukua hiyo hiyo.

Rangi ya fedha pale haikuwa pambo, ilikuwa ya kurudisha jua. Mosquito zilipofika India na Burma zilikuta joto na unyevu ambao Hatfield haikuufahamu. Mwaka 1944 baadhi zilipasuka mabawa angani na wafanyakazi wake wakafa, na Novemba mwaka huo ndege za aina hiyo zikazuiliwa kuruka mpaka zikaguliwe. Gundi ya zamani, iliyotokana na maziwa, ilikuwa chakula cha kuvu ikilowa. Gundi mpya ya formaldehaidi ilistahimili zaidi, lakini wachunguzi walikuta pia viungo vilivyofungwa vibaya kiwandani, vyenye nafasi pasipotakiwa nafasi. Ukimaliza kuhangaika na ule ufa wa bawa niliousema, utalielewa hilo vidoleni kabla ya kulielewa kichwani.

Alama za bawani nazo zina sababu. Duara la Waingereza lilikuwa na nyekundu katikati, na nyekundu kwenye bawa katika anga ile ilimaanisha Mjapani, kwa hiyo ikaondolewa kabisa, yakabaki mabuluu mawili, la kukolea na la kufifia. Stika hizi zimechapishwa vizuri, buluu ya kufifia haikupauka juu ya fedha. Weka rangi ya kung'aa kwanza, stika juu yake, na usipake varnishi ya kufifisha mwishoni, itaua ile fedha yote.

Kisicho na hata neno moja katika kijitabu ni mbu mwenye damu. Seti imeitwa kwa jina lake, ndege ya tatu inatoka nchi aliyoitawala, na hatajwi. Kwa hesabu za Jenerali William Slim mwenyewe, aliyeongoza Jeshi la 14 la Waingereza huko Burma, mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, na wagonjwa wa malaria peke yao kwa mwaka walifikia asilimia 84 ya jeshi zima. Hakuna bunduki iliyofanya hivyo. Kwinini nayo ilikuwa imekatika, kwa sababu Wajapani waliichukua Java mwaka 1942 na zaidi ya tisa ya kumi ya kwinini ya dunia ilitoka huko. Ikabidi askari wapewe mepakrini, kidonge kinachogeuza ngozi kuwa ya njano na ambacho, kwa uvumi wa kambini, kilimaliza nguvu za kiume. Wengi wakawa wanakitema. Slim akaanza kupima vikosi kwa kushtukiza, na kikosi ambacho askari waliokutwa na dawa mwilini hawakufika asilimia 95, mkuu wake aliondolewa kazini. Alipoondoa watatu, wengine waliielewa habari.

Na huko walikuwako watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, iliteremka bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya mwaka 1944, msimu wa mvua ukiwa umeshika, amri zikitolewa kwa Kiswahili. Bonde hilo liliogopwa kwa malaria kuliko kwa Wajapani. Mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Linganisha tarehe hizo na nilizozitaja juu: Novemba ile ambayo mbu wa mbao alizuiliwa kuruka kwa sababu ya unyevu, mbu wa damu alikuwa angani kila jioni, na unyevu ndio uliomlea. Mambo haya yangeingia katika aya moja ya kijitabu. Baba zao hao askari waliyaona kabla, katika vita vya Wajerumani na Waingereza vya 1914 hadi 1918, ambamo wapagazi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi, lakini huko hakukuwa na ndege ya Mosquito ya kutengenezea seti, kwa hiyo nisimdai mtengenezaji hilo.

Kuna atakayeniambia kwamba modeli ni modeli, historia akatafute mwenyewe. Ningekubali kama wasingeweka kijitabu kabisa. Ukishachapisha kurasa za kusifu, umeshajitia katika kazi ya historia.

Kwa anayeanza, seti hii si ya kwanza. Tafuta ndege ya injini moja ujifunze pati na stika, kisha uje hapa. Gundi ya kuyeyusha plastiki ina harufu kali, fungua dirisha. Rangi za maji zinatosha kwa kila kitu isipokuwa ile fedha, ambayo ya brashi huacha michirizi hata ukiwa fundi. Itafutie ya kupuliza. Kwa anayetaka kuona ya kweli kabla ya kupaka, ndege ya kwanza kabisa, ile ya majaribio yenye namba W4050, bado iko Salisbury Hall karibu na London Colney, palepale iliposanifiwa, katika jumba la makumbusho la de Havilland. Ile ni ya njano chini, usije ukaiga kwa ya Burma.

Nimeipa nyota nne. Ya tano ingegawanywa kati ya ule ufa wa bawa na kijitabu, na kijitabu kingechukua sehemu kubwa.

Kwenye rafu ninaipangia majirani wa jina lake. Zipo boti za torpedo za Marekani, zile za PT walizoziita kundi la mbu, nazo ni za mbao pia, za mkangazi tabaka mbili, zilizokimbia usiku kule visiwa vya Solomon ambako malaria iliwalaza mabaharia na askari vilevile. Zipo ndege za mafunzo za T-6 zilizoelekeza ndege za mashambulizi juu ya Korea kwa jina la Mosquito. Lipo na kombora la Kisovieti la kupigia meli, Moskit, linalopita juu kidogo ya maji kwa mwendo unaoizidi sauti zaidi ya mara mbili. Boti ndiyo inayofuata, nimeshaifungua boksi nikahesabu vipande vyake, na naona tayari kwamba sitaha imekuja nusu mbili.