Kabla hujanunua jaketi, soma ahadi ya kaboni mpaka mwisho

Jaketi lenye lebo ya kijani shingoni huuzwa ghali kuliko lenzake, na mnunuzi hulipa akiamini kampuni imepunguza hewa ukaa. Mara nyingi haijapunguza. Mambo ya zipu na mishono utayaona mwenyewe dukani. Kasoro isiyoonekana imejificha kwenye ahadi, katika maneno matatu: "kwa kila nguo".

Tupige hesabu. Kampuni inauza nguo milioni 10, kila moja ikiwa na kilo 8 za hewa ukaa. Hizo ni tani 80,000. Inaahidi kupunguza asilimia 30 kwa kila nguo, na kweli inafika kilo 5.6. Lakini mauzo nayo yamepanda hadi nguo milioni 16. Zidisha: tani 89,600. Ahadi imetimia, na angani zimeongezeka tani 9,600. Lengo la kuaminika ni la jumla ya tani, hata mauzo yakipanda vipi.

Kulikagua, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni na utafute jedwali la Wigo wa 1, wa 2 na wa 3, yaani mafungu matatu ya vyanzo vya hewa ukaa. Wa 1 ni mafuta inayochoma yenyewe, wa 2 ni umeme inaonunua, wa 3 ni mengine yote: pamba, poliesta, kufuma, kutia rangi, kusafirisha. Kwa kampuni isiyo na viwanda vyake, karibu mzigo wote uko Wigo wa 3. Kwa hiyo tangazo kwamba "umeme wetu wote ni wa jua na upepo" huhusu ofisi na maduka tu. Kule kitambaa kinakotiwa rangi, maji yanachemshwa kwa boila, na boila nyingi bado zinakula makaa ya mawe.

Soma tani za Wigo wa 3 kwa miaka mitatu mfululizo, kisha utazame mwaka wa msingi, yaani ule ambao punguzo linahesabiwa kutoka kwake: ukichaguliwa mwaka ambao uchafuzi ulikuwa juu kupita kawaida, punguzo litaonekana kubwa bure. Muhuri wa SBTi, shirika linalothibitisha malengo ya kampuni ya kupunguza hewa ukaa, ni mzuri, ila haukumalizii kazi, kwa sababu SBTi hukubali pia malengo ya uwiano, kama lile la "kwa kila nguo", kwenye Wigo wa 3. Soma maneno ya lengo lenyewe.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Patagonia, kampuni ya Marekani ya nguo za matembezi ya nje, bila kusita. Inakiri wazi kwamba zaidi ya asilimia 90 ya uchafuzi wake unatokana na malighafi na viwanda vinavyoitengenezea, imejiwekea mwaka 2040 kufikia sifuri halisi (hewa ukaa inayobaki isizidi ile inayoondolewa angani), na inashona upya jaketi lililochanika badala ya kukusukuma ununue jingine. Hilo la mwisho ndilo linalogusa jumla ya tani moja kwa moja.

Ya pili, H&M, kampuni ya mavazi ya Uswidi. Lengo lake ni la jumla: kupunguza asilimia 56 ifikapo 2030 kutoka kiwango cha 2019, Wigo wa 3 ukiwemo. Pia imeacha kupokea viwanda vipya vyenye boila za makaa ya mawe. Naiweka chini kwa sababu inauza nguo nyingi mno, na mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya Uholanzi iliibana kwa madai ya kijani yasiyoeleweka, ikakubali kuyarekebisha.

Ya tatu ni kampuni zote zenye lengo la "kwa kila nguo". Nunua jaketi likikufaa, lakini usiongeze hata senti kwa ajili ya lebo.

Jaketi la bei ya chini kabisa lisilo na ripoti yoyote halina cha kupimwa. Kama fedha ni chache, chukua la mtumba. Kagua zipu na kwapa.

Kinachoudhi zaidi ni wauzaji wanaoandika "halina kaboni" juu ya jaketi la poliesta, yaani mafuta ghafi yaliyogeuzwa kitambaa, kisa wamenunua hati za miti iliyopandwa kwingine. Boila ileile inaendelea kuwaka, na gharama ya hati inaingizwa kwenye bei unayolipa wewe. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku madai ya namna hiyo kwa sheria ya 2024, itakayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026. Nje ya Ulaya lebo hizo zitaendelea kuning'inia, kwa hiyo mwulize muuzaji swali moja: tani za Wigo wa 3 za mwaka jana na za mwaka juzi ni ngapi?