Ripoti ya asili ya jina Virtanen: maabara safi, ripoti ya kumtukana mzee wa watu

Nyota mbili. Mwanzoni niliweka nne, kisha nikaisoma ripoti mpaka mwisho nikarudi kuzipunguza.

Tulichonunua kwa kampuni ya vipimo vya DNA ni kifurushi cha "asili ya jina la ukoo": kipimo cha kromosomu Y (ile ambayo mwana hurithi kwa baba yake tu), ripoti yenye ramani za kupendeza, na nafasi ya kumuuliza mtaalamu wao maswali. Zaidi ya euro mia tatu. Jina ni Virtanen na aliyepimwa ni baba mkwe wangu, mzee wa miaka themanini na ushee, mzaliwa wa Satakunta, magharibi mwa Ufini. Ukurasa wa tatu, kwa maandishi mekundu: haplogrupu (yaani kundi la nasaba ya kiumeni linalosomwa kwenye Y) ya ukoo wa Virtanen ni N, ya kwako ni I1, hailingani. Basi, hakuna maelezo mengine. Tukamwandikia huyo mtaalamu, naye akajibu kwa adabu zote za barua za ofisini: "Ndugu mteja, matokeo yanaashiria kwamba katika kizazi fulani baba aliyeandikwa siye baba mzazi. Tunakushauri uzungumze na wakubwa wa familia."

Wakubwa gani? Mzee ana miaka themanini na kitu, wakubwa wake wote wako makaburini. Na tusemezane ukweli: huyo bwana ameandika kwamba kuna bibi wa watu alizaa nje. Mzee ameambiwa kwamba baba yake au babu yake ni mwanaharamu, na risiti juu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hajui anachokisema. Virtanen si ukoo. Ni jina ambalo watu wasio na udugu wowote walijichagulia, wengi wao katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Magharibi mwa Ufini mtu wa kijijini hakuwa na jina la ukoo la kurithi kama tunavyolifikiria leo. Alikuwa na jina lake, jina la baba yake, na jina la shamba analoishi. Heikki wa shamba la Mattila akihamia Anttila, huyo sasa ni Heikki Anttila na watoto wake ni wa Anttila. Mwanamume akioa binti wa shamba akahamia ukweni, wenyewe humwita kotivävy, anachukua jina la shamba la mkewe na hakuna anayeshangaa.

Sasa vibarua, wapangaji wa vipande vya ardhi na waliokimbilia viwanda vya Tampere na Turku hawakuwa na shamba la kuwapa jina. Wakajipa majina ya mito, vilima na maziwa yenye mwisho wa -nen: Virtanen, Mäkinen, Nieminen, Järvinen, Lahtinen. Mwaka 1906, katika kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa J. V. Snellman, mtetezi mkubwa wa lugha ya Kifini, maelfu ya wenye majina ya Kiswidi wakayabadili kwa mkupuo wakachukua ya Kifini. Sheria ya kumlazimu kila raia awe na jina la ukoo ilipitishwa 1920. Jina lililochipuka mahali pengi namna hiyo, ambalo leo lina watu kama 20,000, litakuwaje na haplogrupu moja?

Haya, tuzitazame hizo haplogrupu zenyewe. Kwa Ufini nzima, wanaume karibu 60 kati ya 100 ni N, na robo na ushee ni I1. Lakini hazikusambaa sawasawa. Mashariki N hufika karibu 70. Magharibi hizi mbili hukabana koo, kila moja karibu 40. Mzee wa Satakunta kuwa I1 ni habari sawa na kukuta mkarafuu Pemba. Kwa dalili zote, walichofanya ni kuwahesabu akina Virtanen waliomo kwenye hifadhidata yao, wakakuta N ndiyo wengi, wakaitangaza kuwa ya ukoo. Kwa hesabu hiyo karibu kila jina la Kifini litatoka N, maana ndiyo haplogrupu ya walio wengi nchini! Na hata umri wa hizo haplogrupu haukuwashtua. N ya aina hii imekutwa kwenye mifupa ya Bolshoy Oleni Ostrov, rasi ya Kola huko Urusi, yenye miaka kama 3,500. Virtanen nyingi hazijafikisha hata 150.

Nisiwaonee lakini. Maabara yao ni safi, na hapa ndipo zile nyota nne zilipotoka. Unaletewa vijiti viwili vya shavuni na vichupa viwili vyenye dawa ya kuhifadhia. Kwa mwenye kumpima mzee: asile wala asinywe kitu kwa saa nzima kabla, kijiti kisuguliwe ukuta wa ndani wa shavu karibu dakika nzima bila huruma, na cha pili kitumike shavu la upande mwingine baada ya saa kadhaa. Wazee hukaukwa mdomo, na sampuli hurudishwa kwa sababu seli hazikutosha. Ya kwetu ilipita. Jedwali la alama 37 (sehemu za Y ambazo marudio yake huhesabiwa) limekamilika, na alama ya DYS455 inasoma 8, wakati kwa wanaume wengi wa haplogrupu nyingine husoma 11. Ukiona 8 hapo, jua ni I1, huna haja ya kumuuliza mtu. Usomaji kamili wa Y nao umeshuka hadi I1-L258, tawi linalojulikana sana kwa Wafini. Kuna wanaokupimia alama 12 tu, ambazo kwa Mfini huleta rundo la "ndugu" wasio ndugu. Hawa wamefanya kazi. Kwa maabara peke yake ningepandisha hadi tatu, labda tatu na nusu.

Ila swali la jina hulijibu vitabu kwanza, kipimo kinafuata nyuma. Wangemwambia mteja hivyo tangu mwanzo. Unaanza na sukuselvitys, cheti cha nasaba kinachoombwa kwenye ofisi ya rejesta ya parokia, kinachokufikisha kwa mababu wa karne ya 20. Kutoka hapo unaingia kwenye vitabu vya kanisa vilivyopigwa picha, kwenye tovuti ya Kansallisarkisto, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa, au ya SSHY, chama cha historia ya nasaba. Unachokitaka ni rippikirja, kitabu cha komunyo. Kimepangwa kijiji kwa kijiji na shamba kwa shamba, kila kaya na watu wake, tarehe za kuzaliwa, walikotoka na walikohamia. Unarudi nyuma kitabu kwa kitabu hadi ukurasa ambao Virtanen haimo. Mara nyingi utaliona limebanwa pembeni kwa mwandiko mwingine, au juu ya jina la zamani lililopigwa mstari. Kitabu kinachotangulia kina Johan Henriksson tu, chini ya jina la shamba. Umefika.

Usihangaike kumtafuta Juho au Heikki humo. Makasisi waliandika Kiswidi: Juho ni Johan, Heikki ni Henrik, Antti ni Anders, Matti ni Matts. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Johan Henriksson watatu, kwa hiyo mfuate mtu kwa tarehe ya kuzaliwa, jina halikusaidii. Ukikwama, kuna HisKi, hifadhidata ya Suomen Sukututkimusseura, chama cha watafiti wa nasaba, yenye orodha za ubatizo, ndoa, mazishi na uhamaji, nyingi zikiishia katikati ya karne ya 19. Ni nakala zilizochapwa kwa mkono na zina makosa, kwa hiyo ulichokiona huko kakihakikishe kwenye picha ya kitabu chenyewe.

Kwa mzee wetu, jina linaanzia kwa babu yake, kibarua. Kabla ya hapo ana jina la baba yake basi. Kaka wa huyo babu alibaki na shamba, na watoto wake wana jina la shamba, lenye mwisho wa -la kama ilivyo kawaida ya majina ya mashamba. Na kwenye orodha ya wanaofanana na mzee, orodha ambayo kampuni yenyewe imetutumia, kuna mtu mwenye jina lile lile la shamba, tofauti ya alama moja kati ya 37, na kijiji cha mababu alichokijaza ndicho hicho hicho. Ndugu wawili, mmoja shamba, mmoja kibarua, Y moja. Yaani ushahidi kwamba bibi wa watu hakufanya lolote uko ukurasa wa tisa wa ripoti ile ile inayomtukana ukurasa wa tatu! Wao wakaandika tu kwamba "hakuna Virtanen anayelingana nawe", wakalihesabu hilo kuwa dalili ya pili ya ubaba wa mashaka.

Tukampelekea mtaalamu picha za kurasa za kitabu, zimezungushiwa duara. Jibu lake: "Mfumo wetu una taarifa nyingi kuliko vitabu vya kanisa." Hakuna pole wala "tutaangalia".

Nyota moja.

Kama kweli mtu anashuku ubaba kwenye nasaba, kuna njia ya kistaarabu ya kupima kabla hajafungua mdomo. Tafuta wanaume wawili walioshuka kwa babu mmoja kupitia watoto wawili tofauti wa kiume, upime Y za wote wawili. Zikilingana, maneno yameisha. Zisipolingana, tumia kipimo cha DNA yote. Watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja huwa na sentimogani (kipimo cha urefu wa vipande vya DNA) kama 850 za pamoja kwa wastani; ukipata karibu nusu yake, hapo una sababu ya kuuliza, na unauliza kwa sauti ya chini. Kwa Wafini kuna tahadhari ya ziada: taifa limetokana na waanzilishi wachache, kwa hiyo vipande vidogo vya pamoja hujaa na kuwafanya watu wa mbali waonekane wa karibu. Visivyofika sentimogani 10 wala usivitazame, na hata 15 mimi huitilia shaka. Tazama kile kipande kirefu kuliko vyote. Ripoti yao inajumlisha kila kitu kisha inakupa "binamu" mia kadhaa.

Halafu kuna ukurasa wa watu mashuhuri wa ukoo. Wamembandika Artturi Ilmari Virtanen, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1945, na mshale hadi kwenye jina la mzee. Mshale wa nini? Mkemia alizaliwa Helsinki, na kinachowaunganisha na mzee ni herufi nane.

Kama jina lako ni la Savo au Karelia, mashariki mwa Ufini, mfano Korhonen, huenda kifurushi hiki kikakufaa, na hapo nyota moja yangu itakuwa kali mno. Huko majina ya -nen ni ya kale, hurithiwa kwa baba, na yamo kwenye madaftari ya kodi ya enzi za mfalme Gustav Vasa wa Uswidi, katika karne ya 16, wakati watu wa Savo walipokuwa wakihamia misitu ya kaskazini na mashariki na kilimo chao cha kuchoma. Watu wachache walizaa vijiji vizima, kwa hiyo wenye jina moja wakati mwingine hushuka kweli kwa mtu mmoja. Hata huko lakini mwanamke wa zamani alibaki na jina la baba yake baada ya kuolewa, na mtoto wa mama asiye na mume aliweza kuchukua la mama. Jina linaendelea, Y inabadilika, na kitabu cha kanisa kimeliandika wazi bila siri yoyote. Mtaalamu wa mfumo wenye taarifa nyingi atakuambia nini hapo, sijui.

Kwa aliyekwisha kulipa: kabla hujadai hela yako, pakua kila kitu. Jedwali la alama 37, orodha ya wanaofanana, na faili ghafi la Y, ile BAM, ambayo lazima uiombe maana haimo kwenye kitufe cha kupakulia. Ni zito, usilishushe kwa bando la simu. Likishakuwa kwako unaweza kulipeleka YFull, tovuti ya kuchambua Y, likawekwa kwenye mti wao na kupewa makadirio ya umri wa tawi lako, pasipo mtu wa kukuuliza habari za bibi yako. Sisi hela tumeidai. Wamejibu kwamba ripoti ikishafunguliwa hairudishwi.