Kostiki ya kupimiwa Ngamiani: mali nzuri, mfuko mbovu

Wapika sabuni wa Tanga wanaonunua kostiki soda, kemikali kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, rejareja Ngamiani hupimiwa nusu kilo au kilo na kufungiwa fundo kwenye mfuko mwepesi. Mali yenyewe haina neno: magamba meupe, makavu, yanayogongana ukiyatikisa. Ukiona yameshikana bonge, au yametanda unga kama chokaa, yameshanyonya unyevu na hewa ya ukaa. Nguvu imepungua na hesabu yako itakataa. Kwa hewa hii ya pwani, gunia likiachwa wazi halichukui muda kufika hapo.

Hesabu yenyewe: kilo moja ya mafuta ya nazi hugeuzwa yote kuwa sabuni na gramu 183 hivi za kostiki. Pima 174 ili mafuta kidogo yabaki, na maji gramu 350. Tumia mizani, kikombe kitakudanganya. Kostiki ikizidi, sabuni huuma ngozi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya magamba, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Chombo kiwe ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, maana sufuria ya alumini huliwa, ikatoa gesi inayoweza kulipuka.

Sasa mfuko. Hauna lebo, hauna onyo, na muuzaji hasemi kitu. Wapo hata wanaouza iliyokwisha kuyeyushwa, tena ndani ya chupa ya maji ya kunywa! Hiyo msinunue.

Watu huiogopa asidi ya betri kuliko kostiki, na hapo wanakosea. Asidi huigandisha nyama ya juu, na lile gaga huizuia kiasi isizame. Kostiki hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, huyeyusha protini, na huzidi kuzama. Ule utelezi wa vidoleni ni ngozi yako inayopikwa. Maumivu huchelewa, ndiyo maana mtu hujifuta kwa kanga akaendelea kukoroga.

Ikikumwagikia, kung'uta kwanza magamba makavu, vua nguo iliyolowa, kisha maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Jicho, dakika 30 huku kope zimefunuliwa, halafu hospitali ya Bombo moja kwa moja. Kostiki hupenya kioo cha jicho upesi kuliko asidi nyingi. Ndimu na siki weka kando, zikikutana nayo huongeza joto na kukupotezea dakika. Mtoto akimeza, asuuzwe mdomo, asitapishwe, maana ikipanda huunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali hata kama halii: kovu la umio huweza kuanza kuziba wiki kadhaa baadaye, chakula kikawa hakipiti.

Glavu zinazouzwa pembeni ya kostiki ni zile nyembamba za hospitali, hupasuka kirahisi na hazipiti mbali kifundo cha mkono. Tafuta za mpira mzito, ndefu, na miwani inayobana pande zote; ya jua haisaidii.

Mali tunaipa nyota 4 kati ya 5, kifungashio 1. Ukienda, beba kopo lako la plastiki nene lenye kifuniko cha kuzungusha, likiwa kavu kabisa, na uandike KOSTIKI ubavuni kabla hujalipa.