Nimetumia fimbo ya mchungaji ya Uskoti yenye pembe ya kondoo, haya ndo niliyoyaona

Kuna mdau aliniuliza kama hizi fimbo za wachungaji wa Uskoti zina kazi yoyote au ni za kuuzia watalii tu, nikaona nijibu kwa kirefu kidogo maana ninayo ya kwangu na naitumia kweli, haijaning'inizwa ukutani. Naishi karibu na Perth, huku huku Uskoti, wikiendi napanda vilima, alafu mwezi wa nne kondoo wakianza kuzaa jirani yangu mfugaji ananiita nikamsaidie. Kwaiyo imepimwa huku na huku.

Niliinunua kwa mzee mmoja kwenye maonyesho ya wakulima, we fikiria Nane Nane ila ya manyunyu na makoti. Pauni 140. Ndio, pauni 140 kwa fimbo, cheka tu. Kichwa ni pembe ya kondoo dume wa Blackface, wale wenye uso mweusi ambao huku wamejaa kila kilima, na mti wenyewe ni hezeli, mti wa huku. Nikamuuliza mzee mbona bei hivi, basi akaweka kikombe chake cha chai chini akaanza kunielezea, na kiukweli alivyomaliza sikuomba punguzo. Mti unakatwa wakati wa baridi, utomvu ukiwa umeshuka, unawekwa bandani ukauke mwaka mzima au zaidi, maana ukikata leo ukatengeneza kesho utapinda na kupasuka, na ukishakauka bado haujanyooka kwaiyo unapigwa mvuke unanyooshwa pole pole. Pembe nayo ina shughuli yake. Ya kondoo imejizungusha na ndani ina uwazi, sasa anaipasha moto mpaka ilainike, anaibana kwenye jiriwa ule uwazi ujifunge, anaiacha ipoe, anaipasha tena anaibana tena mpaka ikubali kukaa sura ya ndoano. Ndo inakuja tupa, msasa, msasa laini zaidi, polishi. Pale inapokutana na mti ndani kuna chuma na gundi ya epoksi, na nje kuna pete ya kufunika maungio. Ukipitisha kidole hapo husikii kitu kabisa, kama fundi ni fundi.

Sasa aina. Hapa ndo wengi wanachanganya. Iko ya shingo na iko ya mguu. Ya shingo mdomo wake ni mpana, kipimo chao cha zamani ni vidole vinne, unamnasa kondoo shingoni. Ya mguu ni nyembamba, pale pembamba kabisa inatakiwa iingie sarafu ya peni ya zamani ya Uingereza, ile kubwa ya milimita kama 31 iliyoondolewa 1971, na wazee huku mpaka leo wanayo moja droo ya karakana kwa kazi hiyo hiyo tu. Hii unamnasa mguu wa nyuma, mguu unapita ile sehemu nyembamba alafu hautoki kirahisi. Ncha ya ndoano imekunjwa kwa nje, unaweza ukadhani ni urembo, ila ndo inayouongoza mguu uingie, tena haimchomi mnyama.

Yangu ni ya shingo. Kwenye zizi inafanya kazi vizuri, kondoo akiwa kwenye kona na watoto wake unamfikia bila kumkimbiza, unamvuta taratibu. Uwanja ukiwa wazi ni hadithi nyingine aisee, hapo ya mguu ndo mwenyewe, ila uwe na mkono mwepesi, ukishanasa unaenda hapo hapo kumshika kwa mikono maana akiruka ruka mguu uko kwenye ndoano anaumia. Na ntawaambia kitu ambacho wauzaji hawakisemi: jirani yangu, mfugaji wa tangu na tangu, kazi ya kila siku anatumia ya alumini, nyepesi, mbaya mbaya, ya bei rahisi. Ya pembe anaitoa akienda mnadani na kwenye maonyesho. Nilivyoleta yangu zizini aliitazama juu mpaka chini akasema nzuri, alafu akanipa ya alumini.

Kwa kutembea sasa. Nimepanda nayo Ben Vrackie, kile kilima cha mita 841 juu ya Pitlochry, ambacho mwishoni kina ngazi za mawe zinazokata pumzi. Kushuka ni raha, maana ni ndefu inanifika kifuani kwaiyo unaitanguliza chini ndo unashusha goti, na hezeli ni mti mwepesi wenye kunepa kidogo, haurudishi mtikisiko wote mkononi. Kupanda siisifii sana. Kichwa cha pembe kina uzito wake, kila hatua unabeba uzito huo juu, na pale pa kushika pamechongwa kwa ajili ya kondoo sio kiganja cha mtu anayehema. Kofia ya shaba ya chini nayo inateleza kwenye mawe yaliyolowa, mimi nimevalisha mpira na makelele yameisha. Kama shida yako ni milima tu chukua ile yenye panda ya pembe ya kulungu juu, unaweka dole gumba kwenye panda basi, zipo mpaka za panda ya mti wenyewe na hizo ni rahisi zaidi. Rafiki yangu anayo na kwa kupanda ananizidi, sitaki hata kubisha.

Matunzo sio mengi ila yapo. Usiiache kwenye gari juani wala karibu na hita, pembe ikipata joto inaanza kujikunjua irudi ilikotoka. Mti naupaka mafuta ya kitani mara moja moja. Na mbwa!! Mbwa anaona pembe anaona chakula, usiilaze chini ukaenda chooni.

Rafiki yangu mwingine alinunua ya kitalii kwenye duka moja, kichwa kina mbaruti imechorwa, lile ua la miiba ambalo ni nembo ya Uskoti, inang'aa balaa, haikumaliza miezi kichwa kikaanza kucheza. Vanishi nzito ilikua imefunika maungio mabaya. Kwaiyo kabla hujalipa shika kichwa kwa mkono mmoja na mti kwa mwingine ujaribu kusokota, kisicheze wala kutoa mlio. Alafu fumba jicho moja uitazame kutokea chini uone kama mti umenyooka. Watu wote wanaangalia kichwa, kama kina samaki au mbwa au ndege, mti hawaugusi, wakati ndo unaokubeba. Ukitaka kuona kazi za hali ya juu nenda Royal Highland Show pale Ingliston jirani na uwanja wa ndege wa Edinburgh, mwezi wa sita, kuna mashindano na utaona vichwa vya samaki aina ya trauti vyenye magamba moja moja.

Nilimuuliza mzee kama amewahi kutumia mpingo. Akasema mti huo anaujua kwenye zumari zao za mfuko, kwa fimbo ni mzito mno. Nikamwambia unatoka kwetu, ndo akashangaa, alijua tu ni mti mweusi wa Afrika. Hapo kidogo nilitembea kifua mbele.

Baba yuko Moshi ameona picha ameshaagiza yake. Yeye nampelekea fupi ya kutembelea, mti mtupu bila pembe, sitaki kuanza kujieleza forodhani habari za mnyama. Fupi inapimwa toka sakafuni mpaka kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, mtu amesimama wima mkono umeachiwa. Nimemwambia dada ampime akiwa na viatu vya kanisani, sio ndala, na asimwambie anampima asije akajinyoosha.